Uvuvi kwenye mchezo wa njozi wa mezani: kutoka chambo hadi nchi kavu

Kambi imepigwa kando ya mto, na mchezaji mmoja anasema mhusika wake, yaani mtu wa kubuni anayemwendesha kwenye hadithi, anachukua mshipi na ndoana akavue. Kwenye meza nyingi jambo hili huisha kwa pumzi moja: mwendesha mchezo, yaani yule anayesimulia dunia ya mchezo na kuamua matokeo, anaitisha dadu ya pande 20, namba inatoka, anatangaza samaki wawili, safari inaendelea. Mchezaji hakuchagua chochote na hakuna kilichobadilika. Ikitokea hivyo mara mbili tatu, hakuna atakayeomba tena kuvua, na mto, ziwa na bahari vinabaki kuwa vizuizi vya kuvukwa tu.

Wengine hukosea upande wa pili. Huandika majedwali marefu ya samaki, kila mmoja na uzito wake, bei yake na msimu wake, kisha jioni nzima inakwisha mtu mmoja akirusha dadu huku wenzake wanne wakichezea simu. Majedwali yameongezeka, maamuzi hayajaongezeka.

Kanuni inayofaa kushikwa ni hii: kila dadu ya uvuvi itanguliwe na uamuzi wa mchezaji, na ifuatwe na jambo linalobadilika ndani ya dunia ya mchezo. Dadu isiyotimiza yote mawili itupwe. Utaratibu ufuatao umejengwa juu ya kanuni hiyo, na ukichezwa na watu wanaoujua hauchukui zaidi ya dakika kumi. Namba zake zimepimwa kwa sheria za Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, lakini ukitumia mchezo mwingine wa aina hiyo utabadilisha vitu viwili vitatu tu: nyongeza za ustadi, bei na posho ya chakula.

Kuyasoma maji

Kipindi kimoja cha kuvua ni saa 2 za ndani ya mchezo. Kabla ya kurusha chochote, mchezaji anachagua mambo matatu: atatupa ndoana wapi, kwa chambo gani, na saa ngapi. Mwendesha mchezo ameshaandika majibu sahihi ya maji hayo kwenye kadi ndogo. Kila jambo linaloafikiana na kadi linatoa +1 kwenye dadu itakayofuata, kwa hiyo mvuvi anaingia na nyongeza ya kuanzia 0 hadi 3.

Uzito wote wa hatua hii uko kwenye maelezo. Mchezaji hawezi kuchagua vizuri kama ameambiwa tu kwamba kuna mto, kwa hiyo mpe maji yanayosomeka, na uvuvi wenyewe una mengi ya kuazima. Kwenye kona ya mto, maji ya upande wa nje hukata ukingo na kuchimba kina, wakati upande wa ndani mchanga hutua na maji huwa ya magoti. Samaki mkubwa hukaa kwenye kina. Nyuma ya jiwe kubwa mkondo hupoteza nguvu, na samaki hupumzika hapo akingoja mkondo umletee chakula. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, kwa hiyo siku za jua kali samaki wengi husogea chini ya maporomoko ambako maji na hewa huchanganyika. Maji yakiwa na tope, samaki hutegemea harufu na mtikisiko kuliko macho, na hapo utumbo wa kuku unashinda chambo cha kung'aa. Alfajiri na magharibi ni saa nzuri karibu kila mahali.

Baharini ongeza kupwa na kujaa. Pwani nyingi hupata maji kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50. Bamvua, yaani kupwa na kujaa kukubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Dunia yako ya njozi ikiwa na miezi miwili, una hazina mkononi: usiku ambao miezi yote inavuta upande mmoja, maji yatakupwa hadi yafichue mwamba, ngazi au mabaki ya jahazi ambayo siku nyingine zote yako chini. Mvuvi anayehesabu siku za mwezi atakuwa wa kwanza kujua.

Mchezaji akitoa sababu nzuri ambayo hukuiandika kwenye kadi, mpe +1 yake. Aliyesema "natupa nyuma ya lile jiwe ambapo povu linazunguka" amefanya hasa kazi unayoitaka ifanyike.

Ustadi wa mhusika unaingia hapa, kwa njia ya kununua majibu. Kwa nusu saa ya kukagua ukingo, mhusika anajaribu ustadi wa kuishi porini dhidi ya ugumu wa 10 kwa maji anayoyafahamu, au 15 kwa maji mageni, yaani dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza yake ya ustadi ifike namba hiyo. Akifaulu, anaambiwa jibu moja kati ya matatu, na yeye ndiye anayechagua lipi. Jibu la pili linaweza kutoka kwa mwenyeji anayevua hapo miaka yote, ambaye naye ana lake analolitaka. Jibu la chambo lina njia ya tatu ambayo wavuvi halisi huitumia: kupasua tumbo la samaki wa kwanza na kuangalia alichokula asubuhi hiyo.

Dadu mbili za pande 6

Sasa mvuvi anarusha dadu mbili za pande 6, anajumlisha, na kuongeza +1 kwa kila jambo alilopatia:

2 hadi 5: chambo kimeliwa. Hakuna samaki, lakini mchezaji anauliza swali moja kuhusu maji haya na mwendesha mchezo anajibu kweli.
6 hadi 8: samaki wadogo wa jumla ya ratili 1. Hakuna mapambano.
9 hadi 11: samaki mkubwa ameuma. Akitolewa, ana ratili 4.
12 na kuendelea: samaki wa pekee wa maji haya ameuma.

Dadu mbili za pande 6 zina michanganyiko 36, na saba ndiyo inayotoka mara nyingi zaidi. Mvuvi asiyepatia lolote ana nafasi 10 kati ya 36 za kupoteza chambo, 16 za samaki wadogo, 9 za samaki mkubwa na 1 tu ya samaki wa pekee. Aliyepatia yote matatu ana namba zile zile zikiwa zimegeuzwa: nafasi 1 ya kupoteza chambo, 9 za samaki wadogo, 16 za samaki mkubwa na 10 za samaki wa pekee. Yaani kuyasoma maji ndiko kunakogeuza jedwali kichwa chini, na mchezaji analiona hilo mara ya pili tu anapovua.

Ndiyo maana usiongeze nyongeza ya ustadi kwenye dadu hizi. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu mwindaji wa ngazi ya 5 (ngazi ni kiwango cha uzoefu wa mhusika) mwenye +6 anaona haki yake inapotea. Lakini 2 ya chini kabisa ikiongezwa 6 na 3 inakuwa 11, na mtu huyo hatakosa samaki mkubwa maisha yake yote. Uamuzi wa mahali, chambo na saa unakuwa hauna maana. Ustadi wake ameshautumia kwenye kusoma maji, na atautumia tena samaki akiuma.

Swali linalotolewa chambo kinapoliwa lisichukuliwe kama pole. Saa mbili za kutazama maji bila kupata kitu humfundisha mtu jambo, na matokeo hayo ndiyo yanayofanya kipindi cha pili kiwe tofauti na cha kwanza. Majibu yaguse uvuvi au hadithi yenyewe: kwa nini ndege hawatui upande ule, ni nani amepita na mtumbwi usiku wa jana, kitu gani kinasogea chini ya madaraja.

Samaki wa pekee ni mmoja kwa kila maji. Akishatolewa au akishakimbia na ndoana, 12 inahesabiwa kuwa samaki mkubwa hadi mwezi mwingine uandame. Bila kikomo hicho, wachezaji waliopatia yote matatu watakaa kwenye bwawa moja wakingoja nafasi zao 10 kati ya 36, na hawatakosea kufanya hivyo, kwa sababu sheria ndiyo itakayokuwa imewaambia wakae.

Mapambano

Hapa ndipo uvuvi unapokuwa mchezo, na hapa ndipo sheria nyingi za kubuni zinapovunjika. Unahitaji namba tatu tu.

Nguvu ya samaki: 6 kwa samaki mkubwa, 8 kwa samaki wa pekee. Ikifika 0 na mshipi usikatike kwenye mzunguko huo, samaki amechoka na anatolewa majini.

Uimara wa mshipi: 8 kwa uzi wa katani uliosokotwa kambini, 10 kwa hariri, 14 kwa uzi wa buibui mkubwa au kitu kingine cha kichawi. Vifaa vya kuvulia vilivyomo kwenye orodha ya kawaida ya mchezo, vya kipande 1 cha dhahabu na uzito wa ratili 4, vina uzi wa hariri pamoja na ufito, vyelezo, ndoana, chubwi na wavu mdogo, kwa hiyo 10 ndiyo namba ya kuanzia.

Mvutano: unaanza kwenye 3 samaki anapouma. Ukipita uimara, mshipi unakatika. Ukishuka hadi 0, mshipi umelegea kabisa na samaki anaitema ndoana. Hatari ziko pande zote mbili, kama ilivyo majini.

Kila mzunguko mchezaji anatangaza moja kati ya mambo matatu kabla dadu haijarushwa. Akivuta, samaki anapoteza nguvu 2, kisha dadu ya samaki inarushwa na namba yote inaingia kwenye mvutano. Akishikilia, samaki anapoteza nguvu 1, na nusu ya dadu, ikipandishwa hadi namba kamili, inaingia kwenye mvutano. Akilegeza, dadu hairushwi: mvutano unashuka kwa 4, lakini samaki anapata tena nguvu 1. Dadu ya samaki mkubwa ni ya pande 6. Ya samaki wa pekee ni ya pande 8.

Mhusika mwenye ustadi wa kuishi porini, au aliyezaliwa kwenye uvuvi, ana alama za mkono sawa na nyongeza yake ya umahiri, ambayo katika toleo hilo ni 2 kwa anayeanza na hufika 6 kuanzia ngazi ya 17. Asiye na ustadi ana alama 1. Alama moja inapunguza 1 kwenye mvutano unaoingia, na inatumika baada ya dadu kuonekana. Zikiisha zimeisha hadi samaki mwingine.

Kulegeza kunaruhusiwa mara mbili tu kwa kila samaki. Mara ya tatu ndoana inachomoka. Kikomo hiki kinaonekana kidogo lakini ndicho kinachobeba mapambano yote. Fanya hesabu bila hicho: kuvuta mara moja kunaleta mvutano wa wastani wa 3.5 na kumpunguzia samaki 2. Kulegeza mara moja kunaondoa mvutano 4 na kumrudishia samaki 1. Anayevuta na kulegeza kwa zamu anapata faida kila mizunguko miwili: mvutano umeshuka kwa 0.5, samaki amepungua kwa 1. Hana sababu ya kufanya lingine lolote, na atashinda karibu kila mara huku meza nzima ikipiga miayo. Kikomo kina msingi wake majini pia, kwa sababu samaki anayepigana muda mrefu hulipanua tundu la ndoana mdomoni, na kila mshipi unapolegea ndoana inapata nafasi ya kuteleza.

Kikiwekwa, hesabu inabana vizuri. Kwa hariri, mvuvi ana nafasi ya mvutano 7 tangu mwanzo, na 8 nyingine kwa kulegeza mara mbili, jumla 15. Samaki wa nguvu 6, aliyeongezewa 2 na kulegeza huko, anahitaji kuvutwa mara nne, na wastani wa dadu nne za pande 6 ni 14. Alama mbili za mkono ndizo zinazomfanya mvuvi awe mbele kidogo. Kwa katani nafasi ni 13, na mvuvi yuko nyuma kabla hajaanza.

Tazama mapambano moja kwa karibu. Mshipi ni wa hariri, mvuvi ana alama 2, samaki ana nguvu 6, mvutano 3. Mvuvi anavuta, dadu inatoa 5: mvutano 8, samaki 4. Analegeza: mvutano 4, samaki 5. Anavuta, dadu inatoa 2: mvutano 6, samaki 3. Anavuta tena, dadu inatoa 5, ingekuwa 11 na mshipi ungekatika; anatumia alama moja, mvutano unasimama kwenye 10, samaki 1. Mwendesha mchezo anasema kivuli kirefu kimeacha matete upande wa pili na kinakuja chini ya maji. Baada ya mzunguko huu kitakuwa kimefika.

Mvuvi afanye nini? Akivuta, anahitaji 1 tu kwenye dadu, ambayo alama yake iliyobaki itaifuta: nafasi moja kati ya sita. Akishikilia, samaki pia anaisha, na 1 au 2 zinatosha, kwa kuwa nusu yake ni 1: nafasi moja kati ya tatu. Akilegeza, mvutano unarudi 6 na samaki anakuwa na 2. Mzunguko unaofuata akivuta, ni 6 peke yake itakayomkatia mshipi, yaani ana nafasi tano kati ya sita. Lakini kivuli kitakuwa kimefika. Kukata mshipi kwa kisu ni jibu la nne, nalo halali. Mezani watu husimama kwenye viti hapa, na kila mmoja ana ushauri wake.

Samaki wa pekee apewe tabia moja ya ziada ili asiwe samaki mkubwa mwenye namba nene. Anayezama: kulegeza kunaondoa 3 badala ya 4. Anayeruka: dadu ikitoa 8 wakati mvuvi anavuta, ongeza mvutano 2 zaidi. Anayekimbilia mizizi: mvuvi asipovuta mizunguko miwili mfululizo, mshipi unazongwa na lazima mtu aingie majini kuuzongoa. Dalili ya tabia hiyo ionekane kabla, kwenye maneno ya wenyeji au kwenye maji yenyewe.

Zingatia kwamba samaki huyu hashindwi kwa vifaa vya kawaida. Nguvu 8 pamoja na 2 za kulegeza ni kuvuta mara tano. Wastani wa dadu tano za pande 8 ni 22.5, na hariri ina nafasi ya 15. Mvuvi wa ngazi ya kati mwenye alama 3 bado yuko mbali. Ndivyo inavyotakiwa. Atahitaji uzi wa 14, ambao unapandisha nafasi hadi 19, na mwenzake wa kushika naye ufito, ambaye alama zake zinajumlishwa. Kumpata samaki huyo kunakuwa shabaha ya wiki kadhaa za mchezo, na uzi wenyewe unaweza kuwa safari kamili.

Wenzake wafanye nini

Uvuvi wa mtu mmoja mbele ya watazamaji wanne huua jioni. Dawa yake ya kwanza ni rahisi na inafanya kazi kuliko zote: dadu ya samaki ashike mchezaji mwingine. Yeye ndiye samaki kwa muda huo, anarusha na kueleza anavyokimbia, anavyojificha, anavyopiga mkia. Mwendesha mchezo anabaki huru kuangalia kivuli na saa.

Kisha kila mhusika apewe kazi iliyo na uamuzi wake. Mmoja anashika wavu wa kutolea, na ni yeye anayeamua kuingia majini au la. Mmoja analinda mgongo wa mvuvi; akichagua kumsaidia kuvuta, hakuna anayeangalia msitu. Mwingine anaweza kutumia saa hizo 2 kwa jambo lake, na huu ndio wakati mzuri kuliko yote wa mazungumzo kati ya wahusika. Watu wawili wanaongoja chelezo kizame husema mambo ambayo hawayasemi katikati ya vita. Mwendesha mchezo anayejua hili huuliza swali moja kabla ya dadu ya kuuma kurushwa, "mnazungumzia nini mkingoja?", na hunyamaza.

Kipindi kamili chenye mapambano kichezwe mara moja kwa kila mkutano wa kucheza, isipokuwa hadithi yenyewe iko majini. Vilivyobaki vimalizwe kwa dadu za kuuma peke yake, na 9 au zaidi ihesabiwe kuwa ratili 4. Kwa dema na nyavu za kutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri, rusha dadu mbili bila nyongeza isipokuwa ya mahali, na usichezeshe mapambano.

Samaki ana thamani gani

Sheria za toleo la tano zinampa mtu posho ya ratili 1 ya chakula kwa siku, na kutafuta chakula porini, ukifaulu, kunaleta ratili sawa na dadu moja ya pande 6 pamoja na nyongeza ya hekima. Mhusika mwenye +3 anapata wastani wa 6.5. Uvuvi usiipite namba hiyo kwa mbali, la sivyo hakuna atakayewinda tena. Mvuvi aliyepatia jambo moja kati ya matatu, na asipoteze samaki hata mmoja, anapata ratili 2 hivi kwa kipindi. Vipindi vinne vya siku nzima vinaleta 8. Hapo ni pazuri.

Bei nayo iangaliwe dhidi ya mshahara. Kibarua asiye na fani hulipwa vipande 2 vya fedha kwa siku, sawa na 20 vya shaba. Ratili ya samaki mbichi ikiuzwa kwa shaba 2, siku ya ratili 8 inaleta 16: mtu anaishi, vifaa vya kipande 1 cha dhahabu vinajilipa kwa siku sita au saba, na hakuna anayetajirika. Ukiipandisha hadi shaba 10 kwa sababu inasikika vizuri, wahusika wa ngazi ya kwanza watauliza kwa nini wahatarishe maisha pangoni, na watakuwa na hoja.

Samaki mbichi huharibika siku inayofuata. Wakitaka kumbeba, sheria ya kutosha ni ratili 1 ya chumvi kwa ratili 4 za samaki. Chumvi katika orodha ya bidhaa ni shaba 5 kwa ratili, na ratili hizo 4 za samaki ni shaba 8, kwa hiyo ng'onda, yaani samaki wa chumvi, hailipi sokoni karibu na maji. Inalipa siku kumi kutoka hapo, au jangwani, au ndani ya ngome iliyozingirwa. Kundi lenye magunia ya samaki wa chumvi lina kitu ambacho dhahabu haiwezi kununua mahali hapo.

Usiweke vito tumboni mwa samaki. Mara moja inapendeza, mara ya tatu wachezaji wanavua dhahabu na kutupa samaki. Weka habari: kitambaa chenye nembo, jino la kiumbe ambacho hakipaswi kuwa kwenye mto huu, muhuri wa barua wa madini ya risasi.

Uchawi

Kundi lenye uchawi wa kuumba chakula halivui kwa njaa, na ni sababu nyingine ya kutotegemea nyama kama zawadi. Wanaopiga maji kwa radi watapata samaki, bila dadu yoyote: ratili 10 zinaelea. Baada ya hapo maji hayo hayatoi kitu hadi mwezi uandame mara mbili, samaki wa pekee hajulikani alipo, na wanaoishi kwa mto huo wanajua ni nani aliyefanya hivyo. Usiwakataze. Waache wachague, na matokeo yafuate. Anayeweza kupumua majini anapiga mbizi, havui, na akikutana na samaki wa pekee hapo ni pambano la kawaida kwenye makao ya samaki.

Kadi moja iliyokamilika

Kivuko kilichoachwa. Mahali: nyuma ya nguzo ya tatu ya gati, ambapo mkondo unakufa. Chambo: panzi, kwa sababu upepo wa mchana huwaangusha kutoka kwenye nyasi za ukingo. Saa: kabla ya jua kuchomoza, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Kivuli: mamba mzee, anayefika mwisho wa mzunguko wa tano wa mapambano. Samaki wa pekee: kambare mkongwe anayekimbilia mizizi, mwenye kengele ya kivuko iliyokwama tumboni. Usiku inasikika ikigonga chini ya maji, na wenyeji husema ni waliozama wanaomba kuvushwa. Kwenye kishikio cha kengele kuna kipande cha kamba, na ncha yake imekatwa kwa kisu, haikukatika yenyewe.

Kadi hiyo inaandikwa kwa dakika tano, na mistari yake saba inatosha kwa mikutano miwili. Andika tatu kabla ya kampeni, yaani hadithi ndefu ya mikutano mingi, kuanza, moja ya mto, moja ya ziwa na moja ya bahari, na uzihamishe popote wachezaji watakapokwenda.

Ukishajaribu utaratibu huu, huenda namba zikahitaji kusogezwa. Mishipi ikikatika mno, ongeza uimara kwa 2 na uiache dadu ya samaki kama ilivyo. Dadu ndogo huondoa zile 5 na 6 zinazomfanya mtu asite, na mapambano yanakuwa ya kuhesabu. Samaki wakitoka kirahisi mno, punguza kulegeza hadi mara moja kabla hujagusa nguvu ya samaki, kwa sababu kila nguvu unayoongeza inaongeza pia mzunguko, na mizunguko sita ndiyo mwisho wa uvumilivu wa meza ambayo samaki si wake.